Umeme wa Piana-Mwanga ulichoma mawe ya Manono, lakini nani alisomea kazi ile?



Nilipopita Piana-Mwanga kwa kazi ya redio, baba mmoja alinisimamisha kwenye njia inayoshuka kwenye barage. Hakutaka kuongea habari za barabara wala za bei ya unga. Mtoto wake wa kiume amepata Diploma ya Serikali, na ameweka kichwani kwamba atasoma kemia ya viwanda kule Lubumbashi, kwenye chuo kikuu. Baba hakuelewa. Kwake kemia ni dawa za hospitali na sabuni. Aliniuliza hivi: "Mwandishi, wewe umesoma. Hiyo ni kazi, ao ni jina tu? Nikiuza mbuzi zangu zote, mtoto atarudi na nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema ni kazi nzuri, nikapanda piki nikaenda. Njiani nikaona aibu. Mimi mwenyewe kemia ilinishinda katika sekondari. Hatukuwa na laboratware, mwalimu alikuwa anachora chupa kwenye ubao na sisi tunachora chupa kwenye daftari. Nikaenda kusomea uandishi wa habari. Sasa ningemwambia nini mzazi anayetaka kuuza mbuzi? Basi nimerudi kutafuta jibu, na jibu lenyewe linaanzia palepale aliponisimamisha.

Tuanze na maji. Mto Luvua unatoka ziwa Mweru pale Pweto, unashuka kwa kasi kwenye mawe, unapita Kiambi, unaungana na Lualaba pale Ankoro. Kabla ya kufika Kiambi maji yanaanguka, na hapo Piana-Mwanga ndipo Wabelgiji walijenga barage ya umeme katika miaka ya 1930. Hawakuijenga kwa ajili ya kuwasha taa za vijiji. Waliijenga kwa ajili ya kampani ya Géomines, iliyoanzishwa mwaka 1910 na iliyokuwa ikichimba madini ya bati kule Manono, karibu kilomita 85 kutoka hapa. Nguvu yake ilifikia karibu megawati 30. Kwa wakati ule, katikati ya msitu, hiyo ilikuwa nguvu kubwa sana.

Kwa nini mgodi ulihitaji umeme mwingi hivyo? Wengi wetu tunafikiri ni kwa mashine za kuchimba na za kuosha. Ni kweli, lakini si hivyo tu. Jiwe linalotoka Manono linaitwa kasiterite. Ndani yake bati imeshikana na oksijeni, ile hewa tunayovuta. Ukiliponda jiwe, ukaliosha na kulipepeta siku nzima, bado hujapata bati. Ni lazima ulitie kwenye tanuru lenye joto la zaidi ya digrii elfu moja pamoja na kaa. Kaa inaivuta ile oksijeni na kuondoka nayo kama moshi, na bati inatiririka chini kama maziwa. Manono ilikuwa na matanuru ya umeme ya kufanya kazi hiyo. Umeme wa Piana-Mwanga ulipita kwenye nyaya mpaka kwenye tanuru, na tanuru likatoa bati iliyo tayari kuuzwa.

Kwa maneno mengine, mkaaji wa Piana-Mwanga ameishi karibu na kiwanda cha kemia tangu wakati wa babu yake. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo kemia.

Na si Wabelgiji walioileta mara ya kwanza. Wahenga wetu wa Katanga walichoma shaba na chuma kwa karne nyingi. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuaji wa historia walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Kuipata shaba ile kutoka kwenye jiwe la kijani ni kazi ileile: joto, kaa, pumzi ya mivuo, na mtu anayejua wakati wa kuacha. Ujuzi ulikaa kwa mabwana wa tanuru, ulipitishwa kwa siri, na mwenye siri aliheshimiwa. Walipokuja wakubwa wa kampani, siri ilibadilisha mwenyewe. Ikahamia kwenye vitabu, na vitabu vikakaa Ulaya.

Tuvuke bahari kidogo, kwa sababu baba yule aliuliza kama hii ni kazi ao ni jina. Jina lenyewe si la zamani sana. Mwaka 1887, katika mji wa Manchester, Uingereza, mtu mmoja aitwaye George E. Davis alitoa mafundisho kumi na mawili. Alikuwa amefanya kazi ya kukagua viwanda vya magadi na asidi, na moshi wao ulikuwa unaua miti na kuharibu mapafu ya watu. Davis aliona kwamba kila kiwanda kilificha njia zake kana kwamba ni za peke yake, lakini kazi zilikuwa zilezile: kuchemsha, kukausha, kuchuja, kuponda, kutenganisha. Mwaka uliofuata, 1888, Lewis Norton akaanzisha masomo kamili ya uinjinia wa kemia katika chuo cha MIT, kule Marekani. Mwaka 1915 Mmarekani mwingine, Arthur D. Little, akazipa zile kazi ndogondogo jina moja na kusema kwamba mwanafunzi anapaswa kufundishwa hizo, badala ya kufundishwa kiwanda kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo mimi nilielewa. Mama anayeloweka mihogo siku tatu ili sumu itoke kabla ya kutengeneza unga wa bukari, anafanya moja ya kazi hizo. Wanaoanika ndagaa kwenye mchanga wa ziwa hapa Kalemie wanafanya nyingine. Na wale wanaopika lutuku, samahani kwa wachungaji wanaotusoma, wana pipa, wana moto, wana mrija unaopita ndani ya maji baridi: huko chuo kikuu wangeuita mtambo wa kutonesha na wangefundisha hesabu zake miezi mitatu. Tofauti kati ya mpika lutuku na injinia wa kemia ni kwamba injinia anaweza kukuambia kabla ya kuwasha moto kitatoka kiasi gani, kitatumia kuni ngapi, na kwa nini matone ya kwanza yanaweza kumpofusha mtu. Halafu anaweza kujenga pipa hilo mara elfu moja zaidi bila kulipua mtaa.

Sasa turudi Kongo, tuone vitabu vile vilifika lini.

Vilichelewa sana. Serikali ya wakoloni iliwaachia wamisioni shule za msingi, ikafungua shule za ufundi za kutoa maseremala, wafundi wa chuma, makarani na wauguzi. Mkongomani aliweza kuwa kapita. Aliweza kujua kwa macho rangi ya bati iliyoiva kuliko Mzungu aliyetoka meli jana. Lakini daftari la hesabu za tanuru halikufunguliwa mbele yake. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 tu. Cha pili, cha serikali, kilifuata Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30.

Kuna jambo moja linanishangaza kila mara. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Lovanium iliwasha mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika yote. Nchi ilikuwa na mtambo wa atomu kabla ya kuwa na mainjinia wake. Na mtambo ule haukuja bure. Ulikuja kwa sababu ya uranium ya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe yale tangu miaka ya 1920 yalisafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, ili kutolewa radium. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, akapeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo New York, yakakaa ghalani mpaka jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Yalisafishwa huko Marekani, na sote tunajua yaliishia wapi mwaka 1945. Ninayasema haya si kwa kupotea njia. Ni kwamba jiwe lilitoka kwetu, na kazi ya kulibadilisha jiwe, ndiyo kazi ya injinia wa kemia, ilifanyika kila mara mahali pengine.

Lakini nisiseme uongo, si kila mahali. Katanga ya kusini ilipata viwanda vya kweli. Likasi ilikuwa na kiwanda cha Shituru, ambapo shaba inayeyushwa katika asidi kisha inavutwa kwa umeme, na pembeni yake kiwanda cha kutengeneza asidi ya sulfuri. Baada ya serikali kuichukua Union Minière mwaka 1967 na kuzaa Gécamines, kampani ilihitaji mainjinia Wakongomani, na chuo kikuu cha Lubumbashi kiliwatoa. Kitivo chake cha Politekiniki kina matawi ya migodi, metaliji, kemia ya viwanda na mengineyo. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja cha taifa, mwaka 1981 vikaachanishwa, na Lubumbashi ikabaki na jina la UNILU tunalolijua. Wazee waliosoma wakati wa Gécamines wanaukumbuka kama wakati wa raha: mwanafunzi alikula, alilala kwenye kitanda cha chuo, na kazi ilimngoja.

Halafu mambo yakavunjika, na yalivunjika kwa mfuatano ambao Manono iliuona kwanza. Mwezi Oktoba 1985, baraza la bati la dunia pale London liliishiwa pesa, na bei ya bati ikaanguka. Manono, ambayo tayari ilikuwa imechoka chini ya kampani ya Zaïrétain, haikuinuka tena. Mashimo makubwa yakajaa maji, yakawa maziwa. Kusini, Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990, kwenye kampasi ya Lubumbashi, wanafunzi waliuawa na watu wa utawala. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kisha ikaja vita ya 1998, na Manono ikawa mstari wa mbele. Wenye umri wangu walikuwa watoto wakati huo, tunakumbuka kukimbia. Barage ya Piana-Mwanga ikanyamaza. Nyaya zilizopeleka umeme kwenye tanuru, wakaaji wanajua zilikokwenda, nisiongeze.

Mzee mmoja wa Manono, aliyefanya kazi kwenye matanuru akiwa kijana, alinieleza jinsi walivyokuwa wanatambua kama tanuru limeiva. Alizungumza nusu saa bila kupumua. Nilipomuuliza kama aliwahi kufundishwa kwa nini mavi ya tanuru, yale mawe meusi yanayobaki, yaliwekwa kando kwa uangalifu badala ya kutupwa, alicheka. Alisema waliambiwa ni ya kutengenezea barabara. Ndani ya mabaki yale mlikuwa na tantalum, ile ileile inayotafutwa katika koltani. Wenye vitabu walijua.

Sasa tumefika kwenye lithium, na ndiyo maana kijana wa Piana-Mwanga anataka kemia. Yuko na masikio, anasikia redio. Mwaka 2019 kampani ya AVZ ya Australia ilitangaza kwamba Manono kuna tani milioni 400 za mawe yenye lithium, kwa kiwango cha asilimia 1.65. Lithium hiyo imo ndani ya jiwe jeupe linaloitwa spodumene, ambalo wachimbaji wa bati walikuwa wanalipita kila siku. Baadaye ukaja ugomvi: AVZ upande mmoja, serikali na kampani yake Cominière upande mwingine, Zijin ya China ikapata sehemu yake, kesi zikaenda mbele ya waamuzi wa kimataifa. Tumeyaeleza hayo mara nyingi, na wasomaji wengine wamechoka nayo. Mimi pia nimechoka.

Lakini kuna sehemu ambayo haizungumzwi kwenye mikutano. Jiwe la spodumene kama lilivyo haliingii kwenye betri ya gari wala ya telefoni. Kwanza linapondwa na kutenganishwa mpaka kiwango cha lithium kifike karibu asilimia 6. Hiyo inaitwa konsentre. Halafu linachomwa kwa joto la zaidi ya digrii 1,000, si kwa kuliyeyusha, bali kwa kulifanya livimbe na kufunguka ndani. Linapoa, linachanganywa na asidi ya sulfuri, linapashwa tena kwenye digrii 250 hivi, kisha linaoshwa kwa maji, na lithium inaingia ndani ya maji kama chumvi. Mwisho magadi yanatiwa, na unga mweupe unashuka chini. Unga ule ndio wenye bei. Kila hatua niliyoitaja inahitaji mtu aliyesoma yale masomo ya Davis na Norton: mtu wa joto, mtu wa asidi, mtu wa maji machafu yanayobaki ili yasiingie mtoni.

Mpango wa AVZ wa mwaka 2020 ulisema wangetoa tani 700,000 za konsentre kila mwaka, na sehemu ndogo tu ingegeuzwa kuwa chumvi ya lithium palepale Manono. Hata hiyo sehemu ndogo ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa ilimaanisha kiwanda cha kemia jimboni kwetu. Konsentre iliyobaki ingepanda makamio na kutoka nchini. Tani mia moja za konsentre zina tani sita tu za kitu kinachotafutwa, na tisini na nne za mchanga. Tunasafirisha mchanga, kwa barabara hizi! Kampani inafanya hivyo kwa sababu tanuru, asidi na mainjinia viko upande wa pili wa bahari. Na umeme unaotakiwa kubadilisha hesabu hiyo ni uleule wa Piana-Mwanga. Wote wanaoutaka mgodi wameitazama barage hii kwanza, kama Géomines ilivyofanya.

Niliporudi Piana-Mwanga nilimweleza baba yule haya yote, kwa kifupi, tukiwa tumekaa chini ya muembe. Sikumficha ubaya. Nilimwambia kwamba masomo yale ni ya miaka mitano na zaidi, na kwamba yanaanza na hesabu nyingi, ambayo inarudisha vijana wengi nyumbani mwaka wa kwanza. Njia ya Mitwaba mpaka Lubumbashi ni ile tunayoijua. Pesa za chuo hazitoshi zile zilizoandikwa kwenye karatasi, tangu miaka ya 1990 wazazi walipoanza kuchangia mishahara ya waalimu. Nilimwambia pia kwamba wapo wanaovuka ziwa mpaka Kigoma na kushuka na treni mpaka Dar es Salaam, ambako chuo kikuu kilifungua kitivo cha uinjinia mwaka 1973, lakini huko atasoma kwa Kiingereza na diploma yetu itabidi ikubaliwe kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Akimaliza, hicho kiwanda cha unga kitakuwa hapa, ao jiwe litaendelea kwenda na mtoto alifuate?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, akaangalia upande wa mto, kisha akamwita mtoto na kumwambia anisalimie vizuri, maana ningeandika habari zake. Kijana alikuja na daftari kwapani. Hakuniuliza juu ya lithium wala Wachina. Aliniuliza kama Kalemie sokoni bado wanauza kalkulatrisi zenye sinusi na logariti, kwa kuwa ile ya shule waligawana watu saba na imekufa kitufe cha nne.

Zipo. Nimenunua moja, na itapanda kwenye kamio ya Manono Jumatatu, pamoja na salamu kwa baba. Mbuzi, nimeambiwa kwa telefoni, zimebaki mbili.